Hedi au kemshafti: Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, uanze na kipi?

Umejibana miezi minane. Pesa imefika. Gari iko gereji, boneti iko juu, na swali ni moja tu: "Fundi, tunaanza na nini?"

Fundi wa kwanza anakwambia, "Boss, weka kemu. Utasikia hiyo gari itakavyolia." Wa pili anacheka. Kwake yeye kemu bila hedi ni kelele tu, kwa hiyo fungua hedi ikachongwe kwanza.

Kiukweli, wote wawili wanaweza kuwa sahihi. Shida ni kwamba wamekujibu kabla ya kuangalia injini yako inabanwa wapi.

Na ukikosea hapa hupotezi pesa peke yake. Unaweza kuondoka na gari inayokunywa mafuta zaidi, inayozima foleni, na bado inaachwa na gari ambayo haijaguswa. Ukikosea vibaya zaidi, valvu inagonga pistoni na mradi wako unaishia hapo.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, tuelewane kila kimoja kinafanya kazi gani. Mfano wetu mkubwa utakuwa 4A-GE, injini ya Toyota ya sisi 1,587 iliyoanza kutoka mwaka 1983 na kupata jina kwenye Corolla AE86. Ni injini ndogo, lakini ina somo lote.

Hedi inaamua kiasi, kemu inaamua saa

Injini ni pampu ya hewa. Mafuta kuongeza ni rahisi, injekta itamwaga zaidi ukiiambia. Kazi ngumu ni kuingiza hewa ya kutosha kuyachoma hayo mafuta. Hewa zaidi, nguvu zaidi. Mengine yote yanafuata hapo.

Silinda hedi, au hedi tu kama tunavyozoea, ni kile kipande kinachofunika silinda kwa juu. Ndani yake kuna njia za kuingizia hewa, njia za kutolea moshi, valvu, siti za valvu, na kile chumba ambacho moto unawaka. Ukubwa na umbo la hizo njia ndivyo vinavyoamua *hewa kiasi gani* inaweza kupita.

Kemshafti ni ule mhimili wenye vichwa kama mayai, unaosukuma valvu zifunguke. Umbo la yai ndilo linaloamua valvu inafunguka *lini*, inainuka *kiasi gani*, na inakaa wazi *kwa muda gani*.

Fikiria geti la uwanja siku ya mechi ya watani. Hedi ni upana wa geti. Kemu ni mlinzi anayelifungua na kulifunga. Geti likiwa jembamba, mlinzi akiliacha wazi muda mrefu haisaidii sana, watu bado wanabanana. Geti likiwa pana halafu mlinzi analifungua sekunde mbili na kulifunga, upana wake haujamsaidia mtu.

Ndiyo maana swali "hedi au kemu?" halina jibu moja. Swali lenyewe ni: kwenye injini yako, tatizo ni geti au ni mlinzi?

Kemu inakupa nini, na inakudai nini

Kemu hupimwa kwa digrii za mzunguko wa krenki. Ukisikia mtu anasema "nimefunga 264" au "nimefunga 272", anataja digrii ambazo valvu inakaa wazi. Kemu za 4A-GE zinazouzwa kwa watu wa mbio mara nyingi huwa 256, 264, 272, 288 na kwenda juu.

Tufanye hesabu kidogo. Injini ikizunguka mara 7,200 kwa dakika, krenki inazunguka mara 120 kila sekunde, na kila valvu inafunguka mara 60 kila sekunde. Kemu ya digrii 240 inaipa hewa milisekunde 5.6 kuingia. Ya digrii 272 inaipa milisekunde 6.3. Kope moja tu la jicho linachukua zaidi ya milisekunde 100.

Hiyo tofauti ya 0.7 inaonekana kama mzaha, lakini ni zaidi ya asilimia 12 ya muda wote. Kwa mizunguko ya juu, ambako hewa haina muda wa kutosha kuingia, hiyo ni zawadi kubwa.

Sasa, kwa nini zawadi hiyo inageuka kuwa farasi? Kwa sababu nguvu ya injini ni msukumo mara kasi ya mzunguko. Chukua injini yenye msukumo wa Nm 140. Kwa mizunguko 5,000, hiyo ni kama farasi 98. Msukumo huohuo ukiweza kuushikilia mpaka mizunguko 7,500, unapata kama farasi 147. Msukumo wenyewe haukuongezeka hata kidogo, umesogezwa juu tu.

Hiyo ndiyo kazi halisi ya kemu kubwa. Inahamisha nguvu kutoka chini kwenda juu.

Na hapo ndipo bili inapokuja. Kemu ndefu inachelewa kufunga valvu ya kuingizia. Injini ikizunguka polepole, pistoni inaanza kupanda wakati valvu bado iko wazi, na sehemu ya hewa iliyokwishaingia inasukumwa kurudi ilikotoka. Pia kuna kipindi ambacho valvu ya moshi haijafunga na ya hewa imeshafunguka. Kwenye mizunguko ya juu kipindi hicho kinasaidia, moshi unaotoka kwa kasi unaivuta hewa mpya. Kwenye mizunguko ya chini, moshi unarudi ndani na kuichafua.

Matokeo yake mtaani ni haya:

- Gari ikiwa imesimama inanguruma bila kutulia. Kwenye video inapendeza, foleni ya Mwenge au Thika Road inachosha.
- Chini ya mizunguko 3,000 gari inakuwa nzito. Kwenye kilima na abiria watatu utaijua.
- Mafuta yanaenda.
- Uvutaji wa hewa unaosaidia breki unapungua. Kwa kemu kubwa sana pedali ya breki inaweza kuwa ngumu ukiwa kwenye mwendo wa polepole. Hili si suala la starehe, ni la usalama.

Kwa hiyo kabla ya kununua kemu jiulize: gari yangu inaishi kwenye mizunguko ipi? Kama ni kazini na kurudi, sindano iko kati ya 1,500 na 3,500 karibu siku nzima. Kemu ya 288 inaanza kuamka mahali ambapo wewe hufiki.

Hedi: shimo kubwa si lazima liwe shimo bora

Kosa la kwanza la hedi ni kuamini kwamba kuchonga maana yake ni kupanua. Fundi anachukua mashine, anakula chuma, njia zinakuwa kubwa kama mdomo wa chupa ya chai, mteja anafurahi kuziangalia. Halafu gari inarudi ikiwa nzito kuliko ilivyoenda.

Kwa nini? Kwa sababu hewa ina uzito na inahitaji kasi. Hewa inayokwenda kwa kasi kwenye njia nyembamba inaendelea kujisukuma kuingia hata pistoni ilipoanza kupanda. Ukiipanua njia kupita kiasi, hewa inatembea polepole, na ule msukumo wa bure unaupoteza.

Toyota wenyewe walilijua hili. 4A-GE za mwanzo zilikuja na njia kubwa za hewa. Ili injini isiwe nzito chini, waliweka mfumo unaoitwa T-VIS: kila silinda ina njia mbili za kuingizia, na kwenye mizunguko ya chini njia moja inafungwa kwa kipepeo ili hewa yote ipite kwenye iliyobaki kwa kasi. Yaani kiwanda chenyewe kilikuwa kinaibana njia yake.

Mwaka 1989 wakabadilisha mawazo. Waliiondoa T-VIS, wakapunguza ukubwa wa njia, na kupandisha kompresheni kutoka 9.4 hadi 10.3. Kwa soko la Japani injini ikatoka kwenye farasi 120 ikafika 140. Sisi ni zilezile 1,587, valvu ni zilezile 16.

Si njia peke yake zilizoleta hizo farasi 20, kompresheni na mabadiliko mengine yalichangia. Lakini ujumbe uko wazi: njia ilipunguzwa, na nguvu ikapanda. Ukimwona mtu anapima ubora wa hedi kwa ukubwa wa shimo, mkumbushe habari hii.

Kwa hiyo kazi nzuri ya hedi inafanana na nini?

- Siti za valvu. Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko kuchonga kokote. Siti inayokatwa kwa pembe tatu, badala ya moja, inaipa hewa kona laini ya kugeukia. Na valvu inafunga vizuri, hivyo kompresheni haivuji.
- Eneo la chini kidogo ya siti. Viwandani huwa kuna ngazi au makali yaliyobaki. Kuyalainisha ni kazi ndogo yenye faida.
- Kulinganisha njia na gasketi. Mahali manifoldi inapokutana na hedi pasiwe na kizingiti kinachoipiga hewa usoni.
- Kompresheni. Kusawazisha uso wa hedi kidogo kunapunguza ukubwa wa chumba cha moto na kupandisha kompresheni. Hili ni moja kati ya maboresho machache yanayoongeza nguvu chini, katikati na juu.

Ukiangalia hiyo orodha, utaona nyingi ni kazi ambazo hedi iliyotembea kilomita 200,000 inazihitaji hata kama huna mpango wa mbio. Ndiyo tofauti kubwa kati ya hizi pesa mbili. Pesa ya hedi inarudisha na afya ya injini. Pesa ya kemu inanunua tabia mpya.

Namba moja ya kutembea nayo: robo ya valvu

Kuna hesabu rahisi ambayo itakusaidia usidanganywe. Valvu ikiinuka, hewa inapita kwenye uwazi unaoizunguka pembeni. Kadiri inavyoinuka, uwazi unakua. Lakini ikifika kimo cha robo ya upana wake, ule uwazi wa pembeni unakuwa sawa na shimo lenyewe. Kuanzia hapo, kinachobana si valvu tena. Ni njia iliyo nyuma yake.

Valvu ya kuingizia ya 4A-GE ya valvu 16 ina upana wa kama milimita 30. Robo yake ni kama milimita 7.5. Kemu inayoinua valvu mpaka 8 au 9 bado inasaidia, kwa sababu valvu inafika kwenye kile kimo kizuri mapema na kukaa hapo muda mrefu. Lakini faida ya kila milimita inayoongezeka inaanza kupungua, isipokuwa njia ya nyuma nayo imeboreshwa.

Wataalamu wa hedi wana mashine ya kupima mtiririko wa hewa. Wanafunga hedi, wanainua valvu milimita moja moja, wanasoma hewa inayopita. Kama namba zinaendelea kupanda mpaka mwisho, hedi yako bado ina nafasi, kemu kubwa zaidi itaitumia. Kama zinasimama kwenye milimita 7, kununua kemu ya milimita 9 kwa ajili ya kimo chake ni kununua geti ambalo halifunguki kwa nyuma.

Kama kwenu hakuna mashine hiyo, bado unaweza kuuliza watu wenye injini hiyohiyo waliokutangulia. Injini za Toyota, Honda na Subaru zimeshapimwa na watu wengi sana duniani.

Kiwanda kikitaka nguvu, kinachagua nini?

Hapa tutoke kidogo Japani twende Marekani, ambako mjadala huu wa hedi na kemu umezeeka pamoja na injini za V8. Injini hizo nyingi zina kemshafti moja tu, iliyolala katikati ya bloku, kwa hiyo kubadilisha kemu ni kazi ambayo watu wanaifanya nyumbani wikiendi.

Mwaka 2001 Chevrolet Corvette ya kawaida ilikuwa na injini ya LS1, lita 5.7, farasi 350. Mwaka huohuo General Motors wakatoa toleo kali la Z06 lenye LS6. Lita zilezile 5.7, lakini farasi 385. Walifanyaje? Hedi yenye njia bora na kompresheni ya juu zaidi. Kemu kali zaidi. Springi za valvu ngumu zaidi. Manifoldi bora.

Mwaka uliofuata, 2002, LS6 ikafika farasi 405. Safari hii hedi ilibaki ileile kwa muundo, ila kemu ikainuliwa zaidi, valvu zikafanywa nyepesi, na upumuaji wa hewa na moshi ukaachiliwa.

Angalia mpangilio wake. Hedi nzuri ilikuja kwanza ikiwa na kemu ya kiasi. Hedi ilipoonyesha kwamba ina nafasi, kemu ikaongezwa. Na hakuna hatua hata moja ambayo kemu ilikwenda bila springi zake.

Gari yako iko kundi gani?

*Injini za zamani zenye valvu mbili kwa silinda.* Kama Datsun za injini ya L, au V8 nyingi za zamani za Marekani. Hizi mara nyingi hedi ndiyo inayobana. Valvu moja tu inaingiza hewa yote. Anza na hedi.

*Injini za valvu nne kwa silinda, kemshafti mbili juu.* 4A-GE, Honda za familia ya B, na nyingine za aina hiyo. Hapa kiwanda kilishakupa hedi nzuri. Ukishaiweka sawa kiafya, kemu ya kiasi ndiyo italeta farasi nyingi kwa pesa yako. Kwa gari ya kila siku, 256 au 264 inatosha. Ukivuka hapo, jiandae kwa springi na kompyuta ya injini.

*Altezza RS200.* Hii nimeitenga kwa sababu ziko nyingi huku kwetu. Injini yake ya 3S-GE yenye gia ya mkono ilitoka kiwandani na farasi 210 kwa mizunguko 7,600, kompresheni 11.5, na mfumo wa kubadilisha saa za valvu kwenye kemshafti zote mbili. Yaani Toyota na Yamaha walishafanya kazi ambayo wewe unataka kulipia. Kemu na hedi kwenye injini hii ni gharama kubwa kwa nyongeza ndogo. Hakikisha kwanza kwamba zile 210 bado zipo. Nyingi zimechoka.

*Altezza AS200.* Hii ina 1G-FE ya silinda sita na farasi 160. Wengi wanaona heri wabadilishe injini nzima kuliko kuifukuza kwa kemu. Ukifika huko, kumbuka namba ya injini iko kwenye kadi ya gari, na lazima irekebishwe kisheria.

*Zenye tabo.* Subaru ya tabo au injini yoyote ya aina hiyo, hewa inasukumwa ndani kwa nguvu. Hedi na kemu vinasaidia, ila kwa kawaida si vya kwanza kwenye foleni. Na kemu yenye kipindi kirefu cha valvu zote kuwa wazi inaweza kuiacha hewa iliyosukumwa ipite moja kwa moja kwenye ekzosi. Kumbuka pia Subaru ya aina hii ina kemshafti nne, si mbili. Pigia hesabu mapema.

Nairobi si Mombasa, Mbeya si Dar

Hili linasahaulika sana. Nairobi na Mbeya ziko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Huko mgandamizo wa hewa uko chini kwa takriban asilimia 18. Injini isiyo na tabo inapoteza nguvu karibu kiasi hichohicho. Farasi 140 za pwani zinakuwa kama 115.

Kwa hiyo ukisoma kwamba mtu wa pwani kapata farasi kadhaa kwa kemu fulani, wewe wa bara usitegemee namba yake.

Mwinuko unakupa na ofa moja: hewa ikiwa nyepesi, injini haipigi noki kirahisi, hivyo inavumilia kompresheni ya juu zaidi. Watu wa bara wanaweza kusaga hedi na kufurahia. Lakini sikukuu ikifika, familia ikaingia kwenye gari, mkateremka Mombasa au Dar, ile kompresheni inakutana na hewa nzito na joto. Gari iliyokuwa salama nyumbani inaanza kugonga ndani barabarani.

Kama gari yako inasafiri, ipimie mahali pagumu kuliko pote itakapofika.

Makosa manne yanayoua injini

1. Kutopima nafasi ya valvu na pistoni. Kemu kubwa inainua valvu zaidi, na inaiweka wazi wakati pistoni iko karibu na juu. Ukisaga hedi, umeisogeza valvu karibu zaidi. Ukifanya vyote viwili bila kupima, unacheza kamari. Njia ya zamani bado inafanya kazi: weka udongo wa plastisini juu ya pistoni, funga hedi, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili, fungua, pima unene uliobaki. Kama unabaki chini ya milimita moja na nusu, simama hapo.

2. Springi za zamani kwenye kemu mpya. Mizunguko ikipanda, springi iliyochoka haiwezi kuirudisha valvu kwa wakati. Valvu inabaki inaelea wakati pistoni inakuja. Springi pia inaweza kubanwa mpaka koili zigusane, na kitu kinavunjika.

3. Kusaga hedi bila kurekebisha saa. Ukipunguza hedi, kemshafti inasogea karibu na krenki. Belti inabaki na urefu uleule, na saa za kemu zinachelewa kidogo. Puli za kemu zinazorekebishika zipo kwa ajili hiyo.

4. Kuendesha bila kupangilia kompyuta. Injini ya zamani inajua hewa kiasi fulani. Umeibadilishia mapafu, kontroli boksi bado inamwaga mafuta kwa hesabu za jana. Mafuta yakiwa machache kwenye mizunguko ya juu, pistoni inaweza kutoboka. Pesa ya kupangilia si ya ziada, ni sehemu ya bei ya kemu.

Basi, pesa ianzie wapi?

Kama ni gari ya kila siku, isiyo na tabo, na una pesa ya hatua moja kwa wakati, mpangilio ni huu.

Anza na kipimo cha kompresheni kwenye kila silinda. Zote zinatakiwa zikaribiane, tofauti isizidi kama asilimia 10. Kama moja iko chini sana, usinunue chochote cha mbio. Injini mgonjwa haivishwi jezi.

Pili, kazi ya hedi ya kiasi: siti za pembe tatu, sili mpya za valvu, kulainisha chini ya siti, kulinganisha njia, na kusawazisha uso kidogo kama mafuta ya sheli unayotumia yanaruhusu. Usipanue njia.

Tatu, hapohapo hedi ikiwa chini, amua kuhusu springi. Hii ndiyo siri ya kuokoa pesa. Springi utakazoweka leo ndizo zitakazokuruhusu kuweka kemu kesho bila kufungua hedi mara ya pili, bila gasketi nyingine, bila gharama ya ufundi mara mbili.

Nne, kemu ya kiasi na kupangilia kompyuta, pesa ikipatikana.

Kama ni gari ya mbio peke yake, isiyopeleka mtoto shule, unaruhusiwa kuigeuza hesabu na kufikiria kemu kubwa mapema. Lakini hata huko, LS6 imeshakuonyesha: hedi na kemu vinachaguliwa kama jozi ya viatu.

Na ukirudi kwa yule fundi kesho asubuhi, usimuulize tena "tunaanza na nini?" Muulize hivi: Kompresheni inasomaje kwenye kila silinda? Hii hedi hewa inasimama kupanda kwenye milimita ngapi? Na ukishafunga hiyo kemu, kati ya valvu na pistoni kutabaki nafasi kiasi gani?

Fundi mwenye majibu, au anayesema "ngoja nipime kwanza", mwachie funguo. Anayekwambia "usijali boss, hizi nishafunga nyingi", shusha boneti, washa gari, nenda nyumbani na pesa yako.